Tumbo Lililoitika Majina

— Nianze, nisianze?
— Anza, tumekaa.
— Na nyuma yako amekaa nani?
— Hakuna mtu.
— Basi sogea karibu.

Hapo kale Serikali ya Kilimani ilikuwa na mtama, Serikali ya Ziwani ilikuwa na chumvi. Mkataba wao ulikuwa kikapu kwa kikapu. Kisha Mamba, mkuu wa Ziwani, akasema sasa anataka vikapu vitatu vya mtama kwa kimoja cha chumvi. Kilimani wakakataa. Chumvi ikafungwa, watoto wao wakaanza kulamba mawe.

Akatumwa Digidigi kwenda kuzungumza. Ukungu ukammeza, hakurudi. Akatumwa Kanga. Ukungu ukammeza, hakurudi. Akatumwa Pelele, yule mnyama mdogo wa majabalini. Hakurudi. Kila mara Mamba alituma salamu za pole, kwamba kwake hajafika mtu.

Kinyonga akasema ataenda yeye. Wakamcheka, kwamba akifika watoto watakuwa wameota mvi. Lakini Kinyonga hakuondoka kimyakimya kama wale. Alimwomba Kunguru atangulie, apige mbiu ziwa zima kwamba mjumbe yuko njiani. Na desturi ya nchi zile ilikuwa hivi: mbiu ya mjumbe ikishapigwa, mkuu hali kitu mpaka chumvi ya mapatano ilambwe. Viboko, wazee wa Ziwani, wakajipanga ufukweni kumchunga mkuu wao asile.

Kinyonga akatembea. Mguu mmoja, nyonga-nyonga, akasimama. Mguu wa pili, nyonga-nyonga, akasimama. Mwezi ukaandama, ukafifia, ukaandama tena. Mamba hajala.

Siku aliyofika, ukungu ulikuwa mzito na maji hayatikisiki.

"Umechelewa, mjukuu wangu," Mamba akasema. "Sema upesi."

"Shikamoo, babu. Kwanza niite wenzangu walionitangulia. Digidigi?"

Tumboni mwa Mamba: nguru-nguru-nguru.

Viboko wakatazamana. Mamba akasema ni njaa tu.

"Kanga?"

Nguru-nguru-nguru.

Kiboko mmoja mzee akarudi nyuma hatua. "Mkuu," akauliza kwa sauti ya chini, "mbona unaitikia majina ya watu?"

Mamba akasema haraka kwamba mkataba wa zamani unatosha, kikapu kwa kikapu, iletwe chumvi. Ikaletwa. Wakalamba wote wawili. Kinyonga angeweza kwenda zake, lakini alibakiwa na jina moja, akaona si heshima kuliacha.

"Pelele?"

Tumbo likanyamaza. Kisha sauti ndogo ikatoka humo, wazi kabisa.

"Nipo. Mbona umechelewa?"

Kinyonga akageuka mweupe. Hilo hakulipanga. Wanasema ndiyo siku pekee kinyonga alipokimbia.

Chumvi ikapanda Kilimani, watoto wakaacha mawe. Naye Mamba mpaka leo hulala ufukweni mdomo wazi, akiwangoja watoke.

— Hadithi nimeitua hapa. Funzo lake: ukiitwa kwenye kikao cha serikali, wahi.
— Tumesikia, tutawahi.
— Na nyuma yako amekaa nani?
— ...
— Mbona huitiki?