Waya Mrefu wa Kiboko

Masikio!
Yako wazi.
Ngano inabisha hodi!
Ifungulieni, ikae.

Naam. Hii naisimulia kifua mbele, kwani ni ya mdogo. Hapo kale Mbuga ya Matete ilikuwa na sheria ya redio: kila mnyama ruhusa kutangaza bila kibali, mradi waya wa antena usizidi mkia wake mwenyewe. Aliyezidisha, hatangazi tena maishani.

Bi Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, alikuwa na kiredio chake kichuguuni. Mwewe akitokea, hutangaza: "Krrr! Wanangu, ndani!" Na watoto, pukupuku, shimoni. Sauti yake iliishia kwenye matete. Ilitosha, maana watoto hawakucheza mbali zaidi.

Siku moja Kiboko akaja, gudu, gudu, gudu.

"Lete redio. Nataka mbuga nzima inisikie mimi."

Akaichukua. Bi Sange akatazama juu, akamwona Mwewe anazunguka. Ila ulimi haukumganda.

"Shikamoo, mzee Kiboko. Hongera kwa redio yako. Hebu ijaribu."

"Marahaba. Krrr! Mimi Kiboko!" Sauti ikafika kwenye matete, ikafa.

"Aa, mzee. Mkubwa kama wewe, sauti ya kuishia hapo? Ongeza waya."

Akaongeza. "Krrr! Mimi Kiboko!" Ikafika mtoni, ikafa.

"Mzee, sasa unasikiwa na vyura. Ongeza waya."

Akaongeza, akaongeza, mpaka waya ukaipita miti. "Krrr! Mimi Kiboko! Redio hii yangu, waya huu wangu!" Ikavuka mto, ikamwamsha Simba.

Simba akaja amekunja uso. Akaupima waya kwa mkia wa Kiboko. Mnaujua mkia wa Kiboko? Kijiko cha chai kinauzidi.

"Nilishauriwa," Kiboko akanung'unika.

"Kwani mkia huu ni wa mshauri?" Simba akauliza. "Basi, hutangazi tena."

Redio ikarudi kichuguuni. Waya ukakatwa kwa kipimo cha mkia wa Bi Sange. Mwewe alikuwa ameshaanza kushuka, shwaaa.

"Krrr! Wanangu, ndani!"

Pukupuku, wote shimoni. Mwewe akaondoka na vumbi kuchani, na mpaka leo ukoo wa Sange haujapungua hata mmoja.

Ngano yangu imefika kwake. Mwenye kuitaka aondoke nayo. Na fundisho ni hili: nyie wadogo, msithubutu kuwashauri wakubwa. Hasa mkiwa na ushauri mzuri kama ule.