Tusekile na Dazeni ya Mbasa

Mvua ya masika ilikuwa ikipiga bati la shule moja ya sekondari huko Makwale kama ngoma ya harusi, lakini ndani ya darasa la kidato cha tatu hakukuwa na sherehe. Mwalimu Gidion alikuwa amerudisha majaribio ya kemia, na darasa zima lilikuwa limeanguka kama migomba iliyopitiwa na tufani.

"Mkuu wa shule ameamua," alisema. "Atakayefeli jaribio lijalo ataacha kemia na kuhamia masomo ya sanaa."

Moyo wa Tusekile ulimpiga paa! Tangu utotoni alitaka jambo moja tu: kuwa mfamasia. Bila kemia, ndoto hiyo ingeyeyuka kama chumvi majini.

"Shida ni nini?" mwalimu aliuliza.

"Maabara haina vifaa," mmoja alijibu.

"Vichwa vyetu vimezoea mpunga, mwalimu!" alidakia Hezroni, mcheshi wa darasa.

"Mbona kila kipindi kikiisha mnaniitikia, 'Ndaga fijo, mwalimu'? Mnanishukuru hivyo, nami najua mmeelewa."

Wakainamisha vichwa. Kwao, mtu aliyekutolea jasho hushukuriwa. Kumwambia kwamba hukuambulia kitu ni kukosa adabu. Basi walishukuru kwa sauti, huku kutoelewa kwao wakikuficha kama kidonda chini ya nguo.

Tusekile akasimama. "Samahani, mwalimu. Mimi sikuelewa moli."

"Tangu lini?"

"Tangu Januari."

Darasa likaangua kicheko. "He, dada! Mambo ya ndani unayaanika hadharani?" Hezroni alimtania.

"Bora niyaanike yakauke kuliko kuyaacha yaozee ndani!"

Mwalimu Gidion alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe nilikuwa nashukuriwa tu! Haya, niambieni: dazeni ya usipa, wale wadogo kama dagaa, na dazeni ya mbasa, wale wakubwa, ipi ina samaki wengi?"

"Ya mbasa!" Hezroni alipaza sauti.

"Wewe! Si kumi na wawili huku na huku?" wenzake walimzomea.

"Na ipi nzito?"

"Ya mbasa!" walijibu wote.

"Basi moli ni kama dazeni, ila ni idadi kubwa ajabu, ya chembe tusizoziona. Idadi ni ileile. Uzito hutegemea ni chembe za kitu gani."

"Ahaa!" Tusekile aliruka. "Ni hivyo tu?"

Mikono ikachipuka darasani kama mpunga ulioonja mvua. Huyu aliuliza asidi, yule valensi. Hata Hezroni alijikuna kisogo. "Mwalimu, mimi nilipotea tangu kidato cha pili."

Tangu hapo kipindi cha kemia kikawa soko la maswali. Jaribio liliporudi, Hezroni alikuwa amepenya kwenye tundu la sindano, na Tusekile alikuwa ameliongoza darasa. Vigelegele vilivuka ua wa shule mpaka kwenye mashamba ya kakao. Binti yule angeisetiri aibu yake siku ile, angeizika ndoto yake kwa mkono wake mwenyewe. Ama kweli, mficha uchi hazai.