Kofia ya Nadhiri ya Zena

Hapo zamani, wala si mbali, Alhamisi ya mwezi wa Rajabu, saa kumi alasiri, Zena, mke wa mwanangu Shee, alitia uzi sindanoni mwenyewe. Nikasema alhamdulillahi.

Zena alikuwa mshona kofia. Macho yake yakachongoka mbele, kitu kimoja akakiona viwili, akaiacha sindano. Ndipo akaweka nadhiri: kofia ya kwanza nitakayoshona tena ni ya aliyenirudishia macho.

Akapewa lenzi laini, zile za kuvaliwa ndani ya macho. Hazikumfaa. Athman, mtaalamu wa macho, akamwambia, "Dada, lenzi laini hulala juu ya jicho, ikafuata umbo lake. Jicho limechongoka, nayo itachongoka. Lenzi ngumu haipindi. Machozi yako yatajaza nafasi iliyo chini yake, nawe utaona." Akampima, akampima tena, hadi zikamkaa.

Zilimkaa, lakini zilimchoma. "Nimetiwa mchanga!" akalia. "Zitupeni!"

Kila asubuhi Shee alikaa naye. "Mama Rukia, leo mpaka adhuhuri tu. Mimi ninayekoroma umenivumilia, kikombe hiki kidogo cha lenzi kitakushinda?" Zena akacheka, akavaa. Adhuhuri ikawa alasiri, macho yakazoea, na Alhamisi ile akaanza kofia.

Kofia ilipofika nusu, homa ilimchukua Shee wangu, tukamzika.

Zena akatawadha huku analia, akasahau kuvua lenzi. Moja ikatoka na maji, na maji akayamwaga kwenye shina la asumini. Bunu, nduguye Shee kwa baba, akachekecha udongo wote kwa chujio la chai. "Shemeji, chai ya leo msininywishe!" Akaipata. Ingekuwa laini ingekauka ikavunjika. Ile ngumu ilikuwa nzima. Ikasafishwa, Zena akavaa, akamaliza kofia. Akaiweka mkekani.

Athman akasema, "Bila lenzi asingeona. Ni yangu."

Bunu akasema, "Lenzi ilikuwa udongoni! Tena tazameni upara huu unavyoungua jua. Ni yangu."

Rukia, binti yao, akasema, "Baba hawezi kudai. Bila yeye zingetupwa siku ya kwanza. Itolewe sadaka kwa ajili yake."

Zena akanitazama, akaniona vizuri. "Mama, amua."

Nitaamuaje, nami mmoja wao nimemzaa? Amueni ninyi. Je, kofia ile alistahili nani? Na kabla hamjajibu, semeni pamoja nami: Mola amrehemu Shee, kaburi lake lijae nuru. Amin.