Mkuki Uliozama Kivukoni

Mlima ukinyamaza, sikiliza mto. Mmeisikia methali hiyo asubuhi mkacheka, mkauliza mto una kinywa gani. Basi, methali hii ilianza hivi.

Zamani, chini ya mlima mmoja huko Unyakyusa, aliishi mjane aitwaye Atuganile. Kazi yake ilikuwa kuvusha watu mto Lukwego. Aliujua mto ule kama ajuavyo jiko lake: penye mwamba, penye shimo, penye utelezi.

Mwaka mmoja mlima ulilipuka. Majivu yalinyesha siku tatu, migomba ikainama, mapaa yakabonyea. Kisha kukawa kimya, jua likatoka. Watu wakashukuru, wakafagia nyua zao, wakaanza kusahau.

Atuganile alirudi kivukoni. Maji yalikuwa ya kijivu, mazito kama uji, nayo yametanda hadi kwenye majani ya ukingoni. Mahali ambapo maji yalikuwa yakimfika kiunoni, sasa yalimfika kwenye vifundo vya miguu. Watu walifurahi kwamba mto unavukika bila mvushaji. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa Mwakisumo, Malafyale wao, yaani mtawala.

"Malafyale, tuhamie kilimani kabla ya mvua kubwa."

"Mama, mlima umelala. Na mto wenyewe sasa hata kuku anavuka."

"Hiyo ndiyo hofu yangu. Maji hayajapungua, sakafu ya mto ndiyo imepanda. Kila manyunyu yanashusha majivu ya mlimani na kuyamwaga humo. Mvua yenyewe ikija, mto utakosa pa kupita. Utapita kwetu."

Wazee waliguna. Waache nyumba na migomba kwa neno la mvushaji? Atuganile hakubishana nao. Alimwomba Malafyale ashuke naye mtoni, achukue na mkuki wake.

"Uchomeke hapa, Malafyale. Hapa ndipo penye ule mwamba uliokuwa ukiukanyaga ukivuka."

Mwakisumo akausukuma. Mkuki ulizama wote katika tope la majivu, pamoja na mpini, wala haukugonga mwamba.

"Tunahama," akasema.

Siku ya tisa baada ya kuhama, alasiri, mvua iliupiga mlima. Wakiwa kule kilimani walisikia mngurumo usio wa radi. Yaliyokuja hayakuwa maji, lilikuwa tope, limebeba magogo na mawe makubwa kama ng'ombe. Lilipofika kivukoni liliacha njia ya mto, likakata katikati ya kijiji. Jua lilipokuwa likizama halikuonekana hata paa moja. Lakini watu wote walikuwepo, hata kichanga cha juzi kilikuwa kikinyonya.

Mto ulihangaika miaka mingi, leo huku, kesho kule, mpaka ukajichimbia mkondo mpya. Atuganile aliupima kila masika, na ni yeye aliyesema lini washuke kulima. Migomba ya udongo ule ilizaa mikungu ya kubebwa na watu wawili.

Tangu siku ile Mwakisumo hakukata shauri la bonde bila kumwita mvushaji aketi karibu naye. Wageni wakishangaa, aliwajibu kwa maneno haya tu: Mlima ukinyamaza, sikiliza mto.