Miche Thelathini ya Bwana Mwalongo

Nimetumiwa kisa hiki leo, na mpaka sasa mkono uko kifuani. Someni hadi mwisho, kisha wapelekeeni majirani.

Bwana Mwalongo alikuwa na shamba la maparachichi. Jirani yake alikuwa mjane, Bibi Atukuzwe, mwenye ng'ombe mmoja tu. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyowalisha wajukuu zake wanne.

Siku moja ng'ombe alikata kamba, akaingia shambani kwa jirani na kutafuna miche thelathini. Kesho yake asubuhi Bibi Atukuzwe alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, Bwana Mwalongo akaitwa.

"Baba, kosa ni langu," mjane alisema. "Miche thelathini hii hapa, nimeinunua. Nitaipanda mwenyewe na kuimwagilia mpaka ishike."

"Irudishe ulikoitoa! Tutaonana mahakamani."

Balozi alishangaa. "Mwalongo, si amekuletea yote?"

"Wewe andika kwamba nimekataa. Anayeshindwa ndiye anayelipa gharama za kesi. Ng'ombe huyo atauzwa, na bibi atabaki na kamba!"

Balozi akaandika kwenye daftari lake, wote wawili wakatia sahihi.

Kesi iliahirishwa mara tano. Kila mara Bwana Mwalongo alileta mashahidi watatu, ingawa mjane hakukana lolote. Siku moja mashahidi hao walikaa na njaa hadi alasiri, na aliyewaleta amekwenda kula hotelini peke yake. Bibi Atukuzwe alifungua kikapu chake, akawagawia viazi vya kuchemsha. Mmoja wao alipokea huku ameinamisha uso.

Mara ya sita ilikuwa hukumu.

"Mdai ameshinda," hakimu alisoma. "Mdaiwa atamlipa miche thelathini."

Bwana Mwalongo alipiga makofi. "Na gharama, mheshimiwa! Nauli za mashahidi, ada, hati za wito, zote nimeziorodhesha!"

Bibi Atukuzwe alishika kichwa. Aliwaza wajukuu watakunywa nini.

Hakimu akafungua daftari la balozi, lililoletwa mahakamani kama ushahidi, akasoma kimya. Kisha akasema, "Gharama za kesi hii atalipa mdai."

Jamani! Hata karani aliinua kichwa.

"Mheshimiwa, si nimeshinda mimi?"

"Umeshinda. Na kwa kawaida anayeshindwa ndiye anayelipa. Lakini mahakama hutazama pia nani aliyesababisha gharama hizo. Nilichokupa leo uliletewa siku ile ya kwanza, ukakikataa. Hii si sahihi yako?"

Bwana Mwalongo alikaa chini bila kuambiwa.

"Na wewe bibi, umetumia kiasi gani katika kesi hii?"

"Nauli ya mara mbili tu, mheshimiwa. Mara nne nilikuja kwa miguu, na miguu haitoi risiti."

"Nikuandikie zote sita?"

"Hapana, mwanangu. Nisije nikamdai jirani kitu ambacho sikutoa."

Mashahidi wa Bwana Mwalongo ndio waliokuwa wa kwanza kupangusa macho.

Funzo: Mtu akikukosea kisha akaja mwenyewe kulipa, mpokee. Ukimkataa ili umkomoe, unaweza kushinda kesi, na gharama ya kukomoa ukailipa wewe.