Wimbo Uliogombewa Ukumbini

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu wala msinitazame hivyo, watu wa Tabora mjini walikuwa wakikutana ukumbini kila mwisho wa mwezi kwa jioni yao ya sanaa. Huyu anaghani, yule anacheza, mwingine anachora huku watu wanamchungulia begani. Na walikuwa na desturi yao. Wimbo mpya ukiwakuna, mshereheshaji huuliza, "Wa nani?" Ukumbi hujibu jina moja, na tangu hapo ni wimbo wa fulani, hata fulani akifa. Jina halibadilishwi.

Jioni moja Kalunde, mshona nguo, alikuwa amekaa safu ya nyuma na hasira zake za kila siku. Akapanda jukwaani Mihayo, fundi baiskeli, pamoja na Bi Sada mpiga zeze. Mihayo akaanza kuimba, na Kalunde akasimama wima. Wimbo ule ulikuwa wa mama yake, marehemu Nyanzala! Alimwimbia alfajiri akitwanga: "Kalunde, amka, jua limekukuta." Sasa huyu anaimba, "Mwanangu, amka." Jina lake limeng'olewa kama jino.

Watu walilia, wakapiga vigelegele. Mshereheshaji, Mzee Kapaya, akainua mkono. "Wa na—"

"Wa mama yangu!" Kalunde alishafika jukwaani, kiatu kimoja kimebaki njiani. "Mwizi wewe! Umekula kwa mama, umelala kwa mama, na wimbo pia umebeba?"

Mihayo hakutikisika. "Dada Kalunde, mimi nilikuwa mpangaji tu. Lakini alipougua, nani alimkorogea uji? Alikuomba uje uimbe naye hapahapa, ukamwambia asikuaibishe mbele ya wakwe zako. Akaniambia mimi, 'Uchukue, wenyewe hawautaki.' Bila mimi wimbo ungezikwa naye."

"Alisema kwa hasira! Mama akinikasirikia aligawa hata sufuria zangu, na kesho yake anazifuata mwenyewe. Safari hii hiyo kesho hakuipata." Akamnyooshea kidole. "Na jina lake mbona hukulitaja?"

Mihayo akatazama chini. "Hakuna aliyeniuliza."

Bi Sada akagonga jukwaa kwa kisigino. "Mnagombana kana kwamba mimi ni kiti! Huyu aliniletea wimbo nusu. Nyanzala hakuumaliza. Ubeti wa mwisho, huo uliowaliza watu hawa, nimeutunga mimi. Na jina la Kalunde nimelitoa mimi, halikuingia kwenye mapigo. Kama ni hasira, nimwagie mimi."

"Halikuingia? Mama aliliingiza kila siku, na mchi mkononi!"

Mzee Kapaya akachoka na makelele. "Basi uimbe wewe, mwanangu, tuusikie ulivyokuwa."

Kalunde akaimba mstari wa kwanza, na jina lake ndani. Likaingia vizuri kabisa. Akavuta pumzi aimbe wa pili, na wa pili haukuja. Akautafuta. Watu wakamsubiri, na yeye akajichukia kuliko alivyomchukia yeyote jioni ile.

Mihayo akamsogelea, akamnong'oneza mstari wa pili. Kalunde akamkata jicho, lakini akauimba. Akanong'onezwa wa tatu, akauimba pia. Alimchukia kwa kila neno, na kila neno likiisha alitega sikio kusubiri jingine. Hivyo hivyo mpaka mahali Nyanzala alipoishia. Ubeti wa Bi Sada hakuugusa.

"Niliimbiwa mimi," akasema. "Nyie mliusikia tu."

"Na wewe uliusahau," akajibu Mihayo.

"Na nyote wawili hamkuumalizia," akasema Bi Sada.

Mzee Kapaya akainua mkono mara ya pili. "Jina ni moja. Wa nani?"

Weee! Huku wakapayuka Nyanzala, kule Mihayo, pale mbele Sada. Waliokuwa wamelia pamoja sasa wakakunjana mashati. Kalunde katikati yao alikuwa akiita jina la mama yake mpaka sauti ikamkauka, na hakuna aliyemsikia.

Haya, nyinyi mnaonitumbulia macho hapo. Mkono wa mzee bado uko juu, na mkishasema mmesema. Je, mngeita jina la nani?