Fimbo ya Ndiva

"Fimbo haiitwi kombo ingali majini." Mmemsikia mjomba wenu akimwambia jirani maneno hayo, mkaja mbio kuniuliza yametoka wapi. Kaeni basi, wajukuu zangu, na mikono yenu inisaidie kupukuchua maharage haya. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha milimani Upare palikuwa na ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya kijito usiku, ili asubuhi yafunguliwe yateremke mashambani. Mlinzi wake alikuwa Mzee Senkondo, kama baba yake na babu yake kabla yake. Maji aliyagawa kwa fimbo yenye mikato, iliyotiwa majini na kuegemezwa ukingoni tangu siku za kupanda. Kila shamba lilipata mikato miwili, yaani maji yashuke mikato miwili kwenye fimbo, na ndiva haikuachwa ikauke kabisa. Na mwiko ulikuwa mmoja tu: kipimo kikishatiwa majini hakiguswi mpaka mavuno. Atakayekigusa amevunja mgawo wa wote.

Tangu zamani maji ya ndiva yalikuwa ya tope, hakuna aliyeona zaidi ya kina cha kidole. Mwaka ule wanakijiji waliisakafia kwa saruji, maji yakatulia, yakang'aa hata ukaona chini. Ndipo Bwana Mrutu, mwenye shamba la juu, alipochungulia akaona fimbo imepinda palepale inapozama.

"Senkondo ameweka fimbo ya kombo," akatangaza. "Mikato inadanganya, maji yanakwenda shambani kwa binti yake kule chini."

Mzee Senkondo alikwenda kutazama. Akaiona imepinda kweli. Fimbo aliichonga mwenyewe, akainyoosha juu ya moto, na bado macho yake yalishuhudia dhidi yake. Siku tatu hakula vizuri. Alijiuliza kama uzee umempotosha mikono.

Kikao cha kumvua ulinzi kikaitwa katika darasa la tano, kwa kuwa nje kulikuwa na ukungu na manyunyu. Wazee walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwalimu Nakiete, aliyekuwa amebaki kufuta ubao, aliyasikia mashtaka yote. Akaomba ruhusa. Akaweka mezani gilasi kubwa ya maji na rula ya mbao.

"Shikamooni wazee. Bwana Mrutu, itazame rula hii. Imenyooka?"

"Marahaba. Imenyooka kama sheria."

Akaitumbukiza kwa kuilaza upande. "Na sasa?"

Mrutu akainama, pua karibu iguse gilasi. "Imepinda. Umeifanya nini, mwanangu?"

"Itoe mwenyewe, mzee."

Akaitoa. Imenyooka. Akairudisha. Imepinda. Akaitoa tena, akaipapasa kwa kidole gumba kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Nani anaipinda?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna. Rula iko vilevile. Mwanga unaotuletea sura yake ndio unaokata kona unapotoka majini kuingia hewani."

Bibi Namkunda, mkongwe kuliko wote, akacheka polepole. "Ndiyo maana nikivuka mto miguu yangu inakuwa mifupi. Mimi nilidhani ni baridi."

Wakajipanga mstari, wazee wa mvi, mmoja mmoja wakainama kwenye gilasi. Mzee Senkondo alikuwa wa mwisho. Alitazama muda mrefu. Miaka arobaini alikuwa amelinda maji, na siku hiyo ndiyo kwanza aliona maji yanafanya nini. Akaweka kiganja chake juu ya gilasi, taratibu, kama mtu anayempapasa ndama mchanga.

"Rula imenyooka, sawa," Mrutu akasema. "Ya ndiva bado sijaishika."

"Wala hutaishika," Senkondo akamjibu. "Mwiko ni mwiko. Ningojeeni mpaka mavuno."

Wakamngojea. Mahindi yalipovunwa, kijiji kizima kikasimama ukingoni, na Mzee Senkondo akaichomoa fimbo mbele yao. Ilitoka ikichuruzika maji, imenyooka kama siku aliyoichonga. Mrutu aliipokea kwa mikono miwili, akaipapasa kwa kidole gumba, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Fimbo haiitwi kombo ingali majini."